Watoto wakubwa nao wanangoja

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa huu wa barua ulibeba ushauri kwa wanandoa ambao hawajajaliwa mtoto. Mwandishi aliwaambia wachukue kichanga, tena mapema, kisha wahamie mtaa mwingine, ili mtoto akue hajui na majirani wasijue. Niliusoma nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Mbagala. Nikaweka pembeni kazi ya mtu, nikaomba karatasi kwenye duka la jirani. Naomba nafasi nimjibu.

Aibu anayoikimbia naifahamu. Nashona nguo za wanawake, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Aliwahi kuja mteja na kitenge, akataka gauni pana, kwa ndani nimtilie mfuko wa kuweka kimto tumboni. Kila mwezi alirudi nimwongezee sufi. Alikuwa anasubiri kichanga, na ukweni walikuwa wameshaambiwa kwamba ana mimba. Miezi mitano, kwenye joto la Dar es Salaam, mwanamke yule alitembea na kile kimto. Siku ya mwisho alipokuja kupima alikuwa ametokwa na vipele kiuno kizima. Nilimpaka poda, hatukuongea. Simcheki mpaka leo. Ila huo ndio uongo tunaowashauri watu waanze nao malezi.

Mimi na mume wangu tulianza na mawazo hayo hayo. Tulikuwa na miaka kumi na moja kwenye ndoa. Siku ya kwanza tulipokwenda kwenye makao ya watoto, tukiwa na barua ya afisa ustawi wa jamii, tulipelekwa moja kwa moja chumba cha vichanga. Vitanda sita, wageni tisa. Mlezi wa zamu akatueleza kwa upole kwamba wanaotaka vichanga ni wengi na sisi tulikuwa wa mwisho. Tukaaga. Njia ya mbele ilikuwa na maji ya mvua, tukapitishwa nyuma, na huko tukawakuta watoto wakubwa kwenye karo wakifua nepi za wale wadogo. Mmoja, kimbaumbau, sketi imelowa mpaka magotini, akatuamkia bila kuacha kufua.

"Shikamooni. Mmepata?"

Mume wangu akauliza, tumepata nini?

"Mtoto. Wote wanaopita hapa wanatafuta mtoto."

Alikuwa na miaka minane. Kwenye daladala ya kurudi mume wangu alikaa kimya mpaka tunakaribia kushuka, ndipo akasema, "Yule anayefua."

Jina lake silitaji, hilo ni lake na si langu la kuuza gazetini. Aliokotwa stendi akiwa na miaka kama mitatu. Ndugu zake walitafutwa, hakutokea mtu. Miaka mitano aliona vichanga vikiingia na kutoka, yeye yupo.

Tulipoanza kufuatilia nilifikiri kazi itakuwa nyepesi, maana huyu hana foleni. Haikuwa hivyo. Kuna ofisi moja ambayo sitaitaja, tulikwenda mara saba. Jalada letu lilipotea mara mbili. Mara ya tano ofisa aliyekuwepo akaniuliza mbele ya watu, "Mama, kwa nini usisubiri kidogo upate kichanga? Huyu mkubwa atakusumbua." Niliumia kuliko siku zote nilizowahi kuambiwa mimi tasa. Huyo ndiye aliyepaswa kumtetea mtoto yule.

Sasa nieleze utaratibu, kwa sababu wateja wangu wengi wanadhani kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine awe wako kisheria, ni mambo ya wazungu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kinyume. Mgeni ndiye anayewekewa masharti makali zaidi, lazima awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Mtanzania anatakiwa awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21; ndugu wa mtoto anaruhusiwa akiwa na miaka zaidi ya 21. Hakuna mahali sheria imetaja nyumba ya vigae wala gari. Sisi tuna vyumba viwili vya kupanga. Afisa ustawi alikuja kutukagua mara mbili, akaangalia choo, akaangalia mahali mtoto atakapolala, akakaa na mwenye nyumba wetu, akazungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Unaanza na malezi ya kambo. Hapo mtoto anaishi kwako kwa kibali cha Kamishna wa Ustawi wa Jamii na afisa anaendelea kuwatembelea, lakini mtoto si wako. Ni malezi ya muda. Kuasili ni hatua nyingine na inapita Mahakama Kuu. Wengi wanaishia hatua ya kwanza, wanasema tunaishi vizuri, karatasi za nini? Naomba wanisikilize. Mtoto aliye kwenye malezi hayo ya muda, mlezi wake akifa leo, ndugu wa marehemu wanaweza kumwambia abebe begi lake. Aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama anarithi kama mtoto wa kuzaliwa. Nimeona misiba ya hapa mtaani, najua ninachosema.

Turudi nyumbani. Jioni ya kwanza nilipakua wali na maharage, nikaita. Hakuja mezani. Nikamkuta amesimama wima mlangoni mwa jikoni, sahani mkononi, kimya, anasubiri foleni isogee. Foleni ya mtu mmoja. Alfajiri tukamkuta ameshaamka, amekunja blanketi pembe kwa pembe, amekaa juu yake anangoja kengele.

Halafu alama. Nilimnunulia kandambili mpya, za bluu. Kesho yake nikaona kisiginoni zimekatwa kwa wembe, vijimkato vitatu. Nilikasirika, nikamwambia anaharibu vitu. Hakujibu. Baada ya siku chache nikaona vijimkato vitatu kwenye mpini wa mswaki, kwenye ukingo wa kikombe cha plastiki, kwenye soli za viatu vya shule. Ndipo nikaelewa. Kandambili arobaini zikiwa mlangoni, zote rangi moja, usipoweka alama unatembea peku. Nikamwomba radhi. Nikatoa uzi mwekundu, nikamfundisha kudarizi herufi ya jina lake kwenye kola ya shati na kwenye foronya. Akajifunza upesi, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Ila wembe hakuuacha. Mwaka wa pili nilikuta vijimkato vitatu kwenye kishikio cha makasi yangu makubwa ya kazi, na kwenye kandambili za baba yake.

Sitamdanganya msomaji kwamba yalikuwa mazuri tupu. Alikojoa kitandani miezi mingi. Alimpiga mwenzake darasa la pili kwa sababu aliitwa mtoto wa kuokotwa. Alinidanganya mambo madogo yasiyo na faida, kama amekula ama hajala. Kila mwanamke mtu mzima alimwita mama, kwa sababu kule walezi wote ni mama, kwa hiyo neno lile ambalo nimelingoja miaka kumi na moja nililipata siku ya kwanza na halikuwa na uzito wowote. Mama mkwe alipokuja kutoka Masasi aliuliza mbele yake, hii ni damu ya nani? Mtoto akajibu, "Shikamoo bibi, mimi sijui." Yule mama akanyamaza kwa muda. Akafungua kapu lake, akampa korosho mkono mzima, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Ila jambo moja mwandishi wako hakuliwaza. Mtoto mkubwa naye anakuchagua. Kichanga unambeba tu. Huyu alitutazama mwaka mzima na miezi minne, akatupima. Tulipopeleka maombi, mahakama ilimteua afisa ustawi asimame upande wa mtoto na kuandika taarifa yake. Shauri lilisikilizwa faragha ofisini kwa Jaji, katika Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia pale Temeke. Nilivaa gauni nililolishona mwenyewe na bado nilitetemeka. Jaji aliongea naye kwanza habari za shule. Kisha akamuuliza kama anataka kuendelea kukaa na sisi, na mpaka lini.

Akanigeukia mimi kwanza, halafu akamuuliza Jaji, "Kwani kuna mwisho?"

Amri ilitoka. Tuliipeleka RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, akaingizwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, na cheti chake kina majina yetu. Wiki nzima alikuwa akikiomba akisome, nikimpa anakisoma mpaka namba zilizo chini, ananirudishia. Sasa yuko darasa la sita.

Jirani yangu mmoja Mwislamu, aliyeanza safari hii baada ya kutuona sisi, amebaki kwenye malezi na hakwenda kuasili, kwa kuwa dini yake haibadilishi nasaba ya mtoto. Mvulana anayemlea anabaki na ubini wake wa kuzaliwa. Lakini baba huyo hakukaa bure, amemwandikia wasia ndani ya ile theluthi ya mali anayoruhusiwa na dini, na mashahidi wameweka sahihi. Mvulana aliingia kwao akiwa na miaka kumi. Nimemtaja ili watu wasidhani njia ni moja.

Kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum nina ombi. Kwenye matangazo yenu ya malezi ya kambo na kuasili, wekeni na picha ya kuchorwa ya mtoto wa miaka tisa, wa kumi na mbili. Kila tangazo nililoona lina mtoto wa kunyonya. Na wanaopokea waombaji madirishani wafundwe, wasiwakatishe watu tamaa wanaomtaka mkubwa.

Na mwandishi wa barua ile, ambaye naamini anawatakia watu mema, namwomba kabla ya kumshauri mtu mwingine ahame mtaa, achukue Jumamosi moja aende kwenye makao ya watoto yaliyo karibu naye. Asiishie chumba cha vichanga. Aombe apitishwe nyuma, kwenye karo la kufulia. Wakubwa huwa wako huko.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam