Barua kwa dada yangu mwenye duka na madeni

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeupata, pamoja na zile namba za duka lako la vifaa vya ujenzi. Kabla ya hesabu, niseme hili: kudaiwa si dalili kwamba Mungu amekuacha. Watu wa Nehemia sura ya 5 walikuwa watu wa agano kabisa, na bado walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Nehemia hakuwauliza wametenda dhambi gani. Aliwageukia wakopeshaji, akawakemea kwa ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, ambayo wafafanuzi wengi wanaielewa kuwa asilimia moja kwa mwezi. Wewe, kwenye kausha damu, yaani ule mkopo wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku, unatozwa ishirini.

Umeniambia unafunga na kuomba, lakini daftari la wadai huligusi kwa sababu likikujia mbele mapigo ya moyo yanabadilika. Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Soma 2 Wafalme 19. Hezekia alipopokea barua ya vitisho kutoka kwa Senakeribu, aliisoma yote kwanza, ndipo akapanda nayo nyumbani kwa Bwana na kuikunjua mbele zake. Akaomba juu ya barua yenyewe, akamtaja mfalme kwa jina, akakiri kwamba ni kweli Ashuru imeharibu mataifa mengine. Ombi lake lilikuwa na taarifa kamili ndani yake. Basi nawe weka mezani ile barua ya benki, karatasi ya kausha damu, na orodha ya mali kauli, yaani bidhaa ulizochukua kwa ahadi ya kulipa baadaye. Omba juu ya hizo karatasi, kwa majina na kwa viwango. Kisha chukua kalamu.

Kwa namba ulizonitumia, mauzo yako ya siku ni kama shilingi 600,000 ukishatoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Mali iliyouzwa imekugharimu 520,000, kwa hiyo faida ghafi ni 80,000. Kodi ya fremu ya duka, mshahara wa kijana, umeme, nauli na chakula cha nyumbani vinachukua 45,000. Kinachobaki ni 35,000. Sasa tazama marejesho: kausha damu 40,000 kila siku, na benki 312,000 kwa mwezi, ambayo ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni 12,000. Jumla 52,000. Kila siku unapungukiwa 17,000, kwa mwezi ni 442,000, na fedha hiyo haitoki hewani, inatoka kwenye mtaji. Ndiyo maana rafu zinazidi kuwa wazi wakati wateja hawajapungua. Si uchawi, wala si jicho la jirani. Ni hiyo 17,000.

Na hiyo asilimia ishirini yenyewe ina mtego. Umepewa 1,000,000 urejeshe 1,200,000 kwa siku 30. Lakini unaanza kurejesha mara moja, kwa hiyo kwa wastani fedha yao uliyo nayo mkononi ni kama nusu tu ya ile milioni. Riba halisi inakaribia mara mbili ya inayotamkwa. Mfuko mmoja wa saruji ukikuachia faida ya 500, unahitaji kuuza mifuko 80 kulipa rejesho la siku moja, kabla hata ya fremu. Hakuna duka la vifaa vya ujenzi la mtaani linalobeba mzigo huo kwa muda mrefu, hata mwenye duka aombe usiku kucha. Afisa wao akikuambia uchukue mkopo mpya ili kufuta wa zamani, kataa. Hapo ndipo wengi wanapozama: salio la zamani linakatwa juu kwa juu, unapokea kidogo mkononi, na riba inaanza upya kwa kiwango kizima.

Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alimlilia Elisha kwa sababu mdai amekuja kuwachukua watoto wake. Elisha alimuuliza una nini nyumbani. Tuulize hivyo hivyo dukani kwako. Una rangi ambazo hazitembei, masinki mawili ya muundo wa zamani, maboksi ya vigae yasiyotimia chumba, na vitasa vilivyojaa vumbi. Hiyo ni fedha iliyolala. Piga simu kwa mafundi unaowafahamu, wauzie kwa bei uliyonunulia, hata chini kidogo, mradi walipe taslimu. Kausha damu yamebaki marejesho 18, yaani 720,000. Kila shilingi ya mali hiyo iende huko tu, usiigawe kwa wadai watatu kila mmoja apate kidogo. Ukimaliza, dai risiti, na kama waliandikisha dhamana ya friji au pikipiki, dai uandikiwe kwamba imeachiwa. Elisha alimpa yule mama mpangilio uleule: uza, lipa deni, ndipo muishi kwa kinachosalia.

Kausha damu ikitoka, 35,000 yako inalipa benki 12,000 na kubakiza 23,000. Kwa siku sita ni 138,000. Ndipo uende kwa yule tajiri aliyekupa mali kauli ya 3,200,000, na usisubiri akufuate. Nenda mwenyewe, asubuhi, kabla wateja hawajamjaa. Usimwambie "Mungu ni mwema, nitakulipa tu." Kauli hiyo wadai wameizoea na inalichafua jina la Bwana. Mwambie: nakiri deni lote, kuanzia Jumamosi ya tarehe fulani nitaleta 100,000 kila wiki, na mzigo mpya nitanunua taslimu. Ahadi iwe 100,000, si 138,000, kwa sababu mvua itanyesha na wiki nyingine hazitauza. Ni wiki 32. Ni ndefu, lakini ndiyo yako itabaki ndiyo. Muandikishane, kila mmoja abaki na nakala.

Benki usiikimbie. Nenda kabla rejesho halijachelewa, omba kwa maandishi kupangiwa upya ratiba, na uulize riba yote itafika ngapi muda ukiongezwa. Wakitaka nyumba iwe dhamana, kumbuka nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Shemeji aambiwe leo, kabla ya karatasi yoyote. Deni linalofichwa ndani ya nyumba huwa na njia ya kujitangaza siku mbaya kuliko zote.

Kuhusu wale wateja wanaoomba bei "bila risiti", najua inavyouma mtu akikuacha na kuvuka barabara kwa ajili ya tofauti hiyo. Lakini katika kila 118,000 anayolipa taslimu, 18,000 ni VAT, si yako; ukiondoa VAT uliyolipa wewe uliponunua mali, inayobaki umeishika tu kwa niaba ya serikali mpaka tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Itenge kila jioni kwenye laini nyingine ya simu. Kinachowaangusha wengi si kiwango cha VAT, ni kuitumia kununulia mali halafu tarehe 20 inafika droo ikiwa tupu. Ukishindwa kweli, waandikie TRA (mamlaka ya mapato) mapema uombe kulipa kwa awamu. Mithali 11:1 inazungumzia mizani ya hadaa, na mashine ya risiti iliyozimwa kwa makusudi ni mizani ya namna hiyo.

Na hili la kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka ili deni lifutike, dada, usikope ili utoe. Fedha ya mdai si sadaka yako. Fungu lako mtolee Bwana katika kile kilicho faida yako, si katika mauzo, na usione haya likiwa dogo. Anayekuambia laki mbili itavunja roho ya madeni hajaiona ile 17,000.

La mwisho ni mwili wako. Elia alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Hakupewa kazi yoyote kabla ya hapo. Funga duka saa mbili usiku, kula, zima simu ya afisa mikopo mpaka asubuhi. Na mfungo uupumzishe wiki hii, unahitaji kichwa kilicho sawa.

Ijumaa nitumie orodha ya mali iliyolala pamoja na bei ulizonunulia, tuipange kabla hujaongea na mafundi. Kwa yule tajiri wa mali kauli nitakusindikiza ukitaka. Nisalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako katika Kristo