Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Porta ya London na Mabadiliko Yake

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulitukabidhi kazi moja mahususi: kuchagua bia moja ya kale ya hapa Uingereza, kufuatilia jinsi utengenezaji wake ulivyobadilika tangu mwanzo, na kisha kuipika kwa mikono yetu wenyewe kadiri tutakavyoweza. Kamati ilichagua porta ya London, na sehemu kubwa ya taarifa hii inaihusu bia hiyo. Mambo ya fedha na uanachama nitayagusa mwishoni kwa ufupi, kwa kuwa hayakuleta tatizo lolote.

Porta ilipata umaarufu London katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na jina lake limetokana na mahamali, yaani "porter" kwa Kiingereza, waliobeba mizigo mitaani na gatini, ambao ndio walioinywa kwa wingi. Wengi wenu mnaifahamu hadithi inayosema kwamba mpika bia mmoja aliibuni mwaka 1722 ili kumwondolea muuza kilabu taabu ya kuchanganya bia tatu katika kopo moja. Nawaomba tuache kuisimulia hadithi hiyo katika maonyesho yetu, kwa sababu iliandikwa miongo mingi baada ya tukio linalodaiwa, na ukweli unaonekana kuwa wa kawaida zaidi: wapika bia wa London waliichukua bia yao ya kahawia, wakaiongezea hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, wakaiacha ikae muda mrefu zaidi kabla ya kuiuza, na wateja wakaipenda.

Porta ya wakati huo ilipikwa kwa kimea cha kahawia peke yake. Shayiri iliyoota ilianikwa juu ya tanuri la kuni, na mwishoni moto uliongezwa ghafla hadi punje zikatutumka. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo kimea cha ulezi kilianikwa juani ili kipikiwe togwa au komoni tunajua jinsi namna ya kukausha inavyoweza kubadili ladha yote ya kinywaji, lakini tofauti kati ya jua na moto wa kuni ni kubwa kuliko nilivyodhani kabla ya mwaka huu.

Upishi wetu wa kwanza ulishindikana, na kosa lilikuwa langu. Niliagiza kimea cha kahawia kinachouzwa siku hizi, tukakitumia peke yake kama vitabu vya kale vinavyoelekeza, na baada ya saa mbili za kukiloweka katika maji ya moto kipimo cha iodini kilionyesha rangi ya buluu iliyoiva, yaani wanga ulikuwa bado haujageuka sukari. Kimea cha kahawia cha leo huokwa kwa joto kali linaloua vimeng'enya vyote, yaani viini vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ilhali kile cha karne ya 18 kilibakiwa na nguvu ya kutosha kujigeuza chenyewe. Bidhaa mbili zina jina moja, lakini si kitu kimoja. Wanachama wawili walijitolea kukausha kimea kwa kuni katika tanuri walilolijenga uani, na upishi wa pili, uliotumia kimea hicho, ulifanikiwa. Kamati inawashukuru kwa dhati, kwani bila wao tusingekuwa na la kueleza kuhusu nusu karne ya kwanza ya bia hii.

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakuletwa na ulimi wa mnywaji bali na chombo cha kupimia. Haidromita ilianza kutumiwa na wapika bia wachache kuanzia miaka ya 1770, na mwaka 1784 John Richardson alichapisha vipimo alivyovifanya kwa chombo hicho. Kwa wasiokifahamu, chombo hiki huelea katika maji ya kimea na kuonyesha yamebeba sukari kiasi gani, maji matupu yakihesabiwa kuwa 1000. Porta ya siku zile ilikuwa karibu 1070 kabla ya kuchachuka. Kipimo hicho kiliwaonyesha wenye viwanda jambo ambalo walikuwa hawalioni: kimea cheupe, ingawa kilikuwa ghali zaidi gunia kwa gunia, kilitoa sukari nyingi kuliko kile cha kahawia, na hivyo kwa hesabu ya mwisho kilikuwa nafuu. Kodi ya kimea ilipopanda sana wakati wa vita na Ufaransa, hapakuwa na mwenye kiwanda aliyeweza kuupuuza ukweli huo. Tukumbuke ukubwa wa biashara yenyewe: kiwanda cha Whitbread pekee kilipika zaidi ya mapipa 200,000 mwaka 1796, na kwa kiasi hicho akiba ndogo katika kila pipa ilikuwa mali nyingi.

Kimea cheupe kilipotawala, bia ilipauka, na mnywaji aliyezoea weusi wake hakuridhika. Baadhi ya wapika bia walitumia sukari iliyounguzwa kurudisha rangi, na wengine, kwa aibu kubwa, walitia vitu vya hatari, zikiwemo mbegu za sumu zilizomfanya mnywaji adhani kwamba bia ni kali. Sheria ya mwaka 1816 ilipiga marufuku kila kitu isipokuwa kimea na hopsi. Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, linalozungushwa juu ya moto jinsi buni inavyokaangwa, na kimea cheusi kilichotoka humo kilitosha kuitia bia rangi kwa kiasi kidogo tu huku sheria ikiheshimiwa. Kwa maoni yangu, huu ndio mwaka ambao porta tunayoidhania kuwa ya kale ilizaliwa. Ladha ya kuungua, inayokaribia kahawa, ambayo wengi wenu mliitaja katika fomu za kuonja kuwa ndiyo alama ya porta, haikuwemo kabisa katika upishi wetu wa mtindo wa karne ya 18. Huo ulikuwa na moshi, mkate uliookwa sana, na uchungu wa hopsi.

Hapo ndipo London na Dublin zilipotengana. Wapika bia wa London waliendelea kuweka kimea cha kahawia pamoja na cheupe na cheusi, ilhali Dublin waliacha cha kahawia na kubaki na viwili. Wale tulioanza kuijua bia nyeusi kupitia chupa ya Guinness kule nyumbani tulikuwa tukionja tawi hilo la Dublin, na neno stauti lenyewe mwanzoni lilikuwa sifa tu, likimaanisha bia yenye nguvu.

Jambo la pili lililobadilika ni muda. Porta ya kale ilikaa miezi mingi katika mapipa makubwa ya mbao, mengine makubwa kuliko nyumba. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la kiwanda cha Meux, karibu na Tottenham Court Road, lenye bia inayokaribia mapipa 3,500 ya kawaida, lilipasuka, na mafuriko yake yakaua watu 8 katika mtaa maskini wa St Giles. Tulipofika mahali hapo mwezi wa Oktoba tulisimama kimya kwa dakika moja, na ningependa jambo hilo liwe desturi yetu. Hata hivyo, si ajali hiyo iliyomaliza ukomazaji. Kufikia katikati ya karne ya 19 wanywaji walikuwa wameanza kupenda bia changa na tamu zaidi, na kuhifadhi bia mwaka mzima kulifunga mtaji.

Mwaka 1847 sukari iliruhusiwa katika upishi, na mwaka 1880 serikali ya Waziri Mkuu Gladstone iliondoa kodi ya kimea na kuanza kutoza ushuru kwa kupima nguvu ya maji ya kimea kabla ya kuchachuka. Mpika bia akawa huru kutumia mahindi na nafaka nyingine, lakini kila nyuzi ya nguvu ikawa na bei. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, ushuru wa pipa ulitoka shilingi 7 na peni 9 hadi shilingi 23 mwezi Novemba 1914, na kufikia shilingi 100 mwaka 1920, huku nafaka zikiadimika kwa sababu ya nyambizi za Wajerumani. Baada ya vita, porta iliyokuwa zaidi ya 1050 ilishuka chini ya 1040, na haikurudi tena. Upishi wetu wa mtindo wa miaka ya 1920 ulikuwa mwepesi na wa kusikitisha, na sikushangaa kwamba bia hiyo ilitoweka London kufikia miaka ya 1940, hadi ilipofufuliwa na wengine miongo kadhaa baadaye.

Kwa sababu hizo kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa chupa yoyote inayotoka katika chama chetu isiandikwe "porta ya asili", bali iandikwe mwaka ambao mapishi yake yanaufuata.

Fedha zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Wanachama wapya wamepokelewa, na michango imelipwa kwa wakati.

Linabaki pipa letu la mwaloni, lililojazwa upishi wa pili na kutiwa chachu ya Brettanomyces, ile ambayo Claussen wa Carlsberg, kiwanda cha bia cha Denmark, aliitambua katika bia za Uingereza na kuitangaza mwaka 1904. Lina miezi saba. Wengine wanataka lifunguliwe katika mkutano huu. Mimi naomba tulivumilie hadi litimize mwaka, na nitaliweka suala hilo katika kura baada ya taarifa ya mweka hazina.