Malalamiko kuhusu huduma ya umeme kwenye mashindano ya kuchoma nyama

Kwa Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Kukodisha Jenereta

Ndugu Meneja,

YAH: UMEME KUKATIKA MARA KWA MARA KWENYE VIBANDA VYA TIMU

Jibu lenu kwamba umeme ulikatika kwa sababu timu zilizidisha matumizi hatulikubali. Tunaomba mlipitie upya mkiwa na fundi wenu na kikokotoo mezani.

Jenereta mliyoleta ni ya kVA 60, yaani kama kilowati 48. Timu zilikuwa 24. Jiko la peleti (punje za mbao iliyoshindiliwa) hula wati 300 hivi kwa dakika chache za kuwaka, kisha feni na parafujo ya kusukuma peleti hubaki chini ya wati 100. Ukiweka na friji na taa, kibanda kimoja hakizidi wati 500 usiku. Vyote kwa pamoja ni kilowati 12, robo tu ya uwezo wa mashine. Kwa injini ya dizeli mzigo huo ni mdogo mno, na ikikesha hivyo huanza kutema mafuta yasiyoungua kwenye ekzosi. Lakini hilo ni la injini yenu.

Kilichoharibika ni mgawanyo. Fezi, yaani njia tatu za umeme zinazotoka kwenye jenereta, hazikupewa mzigo sawa: ya kwanza ilibebeshwa vibanda 14, ya pili 6, ya tatu 4, kwa sababu tu boksi la fezi ya kwanza lilikuwa karibu na lango. Kwa volti 400, kVA 60 ni ampea 87 kwa kila fezi. Asubuhi, kabla nyama haijapelekwa kwa majaji, kila timu hupasha michuzi na kuchemsha maji ya kuoshea visu. Birika la wati 2200 hula ampea 9.6. Nusu ya vibanda 14 wakiwasha birika, hizo ni ampea 67 juu ya 30 ambazo vibanda hivyo 14 tayari vinatumia (wati 500 kila kimoja, kwa volti 230): jumla 97, kupita zile 87. Breka ingeachaje kukata? Mngeweka vibanda 8 kwa kila fezi, nusu yao wakawasha birika, fezi ingebeba ampea 56 na hakuna ambaye angejua.

Usiku, tatizo lilikuwa jingine. Kila boksi la kugawia lilikuwa na kinga moja ya umeme unaovuja, ya miliampea 30, kwa vibanda vyote vilivyochomekwa hapo. Kinga ya aina hiyo inaruhusiwa kukata ikishapita nusu ya kiwango chake, yaani miliampea 15. Kipasha cha kuwashia peleti kikipigwa na umande huvujisha miliampea kadhaa. Kila friji na kila kidhibiti joto nacho huvujisha kidogo. Vyote vikiwa vizima bado vinajumlishana hadi kinga inafyatuka. Na kipasha kimoja kibovu kinazima majirani wote, kisha fundi anazunguka gizani akichomoa plagi moja moja kumtafuta mkosaji. Dawa yake inajulikana: kinga ya miliampea 30 kwa kila kibanda peke yake, na ile ya boksi kuu iwe ya miliampea 300 yenye kuchelewa kukata. Kuiondoa kinga kabisa, kama fundi wenu alivyopendekeza, hatutakubali kamwe. Watu wanashika majiko ya chuma huku wamesimama kwenye nyasi zilizolowa.

Ekstensheni nazo. Mlitandaza nyaya za milimita mraba 1.5 zenye urefu wa mita 50. Kwenda na kurudi ni mita 100 za shaba, upinzani wake kama omu 1.2, kwa ampea 13 zinapotea volti 16 hivi kabla umeme haujafika kibandani. Friji ikitaka kuanza inaguna tu. Kebo ya milimita mraba 2.5 ingepunguza upotevu huo hadi volti 9 hivi. Baadhi ya nyaya ziliachwa zimezungushwa kwenye gurudumu la kuzihifadhia, zikawa moto kuliko mikono inavyoweza kuvumilia, na maungio ya plagi za nyumbani yalilazwa chini kwenye majani. Kwa kazi ya nje tulitarajia soketi za buluu za ampea 16 zenye vifuniko, zikiwa zimeinuliwa juu ya ardhi.

Mwisho, jenereta ilizimwa saa tisa usiku kuongezwa mafuta bila taarifa. Kidari cha ng'ombe hukaa motoni kwa muda wa saa 10 hadi 16, na majiko mengi ya peleti hayajiwashi yenyewe umeme ukirudi. Feni ikisimama, moto unaweza kurudi nyuma kupitia peleti hadi kwenye parafujo. Umeme ukirejea na jiko likaendelea kusukuma peleti kwenye chungu cha moto kilichozima, rundo linajaa na kushika moto kwa kishindo. Ndiyo maana jiko hufunguliwa, chungu kikasafishwa, kisha kuwashwa upya tangu mwanzo. Taarifa ya nusu saa ingeziwezesha timu kuyazima majiko yao kwa utaratibu.

Tunadai:

1. Kurejeshewa nusu ya malipo ya huduma, ndani ya siku 14.
2. Kabla ya mkataba mwingine, mchoro unaoonyesha kila kibanda kiko fezi gani na kwenye breka gani.
3. Vipimo vilivyoandikwa vya kila kinga, vya nondo ya ethi inayochimbiwa ardhini, na uthibitisho kwamba nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya jenereta imeungwa na ethi. Bila muungano huo kinga inaweza isikate hata mtu akishika waya.
4. Jenereta mbili, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote, zenye swichi ya kubadilishia, ili moja ijazwe mafuta nyingine ikiendelea, pamoja na fundi wa zamu hadi asubuhi.

Orodha ya breka zilizokata na saa zake tumeiambatisha.

Wenu,
Kamati ya Ufundi
Kwa niaba ya timu shiriki