Barua ya wazi kwa vijana mnaochora kanisani kwetu

Wanangu, tumsifu Yesu Kristo.

Habari za ugomvi wenu zimenifikia hapa barazani, tena kila aliyezileta ana yake. Nilichoambulia ni kwamba ukuta wa altare umekwisha kuchorwa, pesa imetoka, na sasa hamsalimiani. Kuna wanaotaka majina yao yaandikwe chini ya picha, na kuna wanaouliza nani alipatana bei na kamati, kwa ruhusa ya nani. Juu ya hayo, mmekubaliana jambo moja tu: zile mbao kumi na nne za Njia ya Msalaba zimekuwa nyeusi, ziondolewe, mchore mpya. Sikuja kuamua. Nina habari za mchoraji mmoja wa zamani, na nina langu.

Mwaka 1979 nilipelekwa Kiev kusoma uhandisi wa barabara. Wenyewe Waukraine wanauita Kyiv. Juu ya mto Dnipro upo mlima wenye monasteri kongwe ya Mapango, iliyoanza karne ya 11 na watu waliochimba ardhi wakaishi humo kusali. Wakati wetu wamonaki hawakuwapo. Serikali ya Kisovyeti iliigeuza makumbusho, ikawafungia tena wamonaki mwaka 1961, na sala hazikurudi hadi 1988. Kanisa lao kuu lilikuwa gofu. Lililipuliwa Novemba 1941 mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, ikabaki kona moja imesimama. Nimesikia lilijengwa upya, likakamilika mwaka 2000. Mimi nililiona likiwa kifusi na majani.

Ndani ya kanisa hilo ndimo alimojifunza kazi huyo mchoraji, Alipiy. Wazazi wake walimkabidhi akiwa kijana kwa mafundi Wagiriki waliotoka Konstantinopoli, miaka ya 1080, kuja kulipamba. Alianza kama mnavyoanza ninyi, kwa kutumwa na kutazama. Wagiriki walipomaliza, yeye alibaki akawa mmonaki, na baadaye padri.

Kitabu cha zamani cha habari za wamonaki wa pale kinasimulia kwamba akisikia kuna kanisa ikoni zake, yaani picha takatifu za ubaoni, zimechakaa, alikwenda kuzitengeneza bila kudai kitu. Akipata malipo aliyagawa mafungu matatu: moja la kununulia vifaa vya ikoni, la pili la maskini, la tatu la mahitaji yake mwenyewe. Angalieni hilo la tatu. Mtu akiwaambia kwamba kazi ya Mungu hailipwi, mjibuni kwamba hata mtakatifu alikula jasho lake. Na akikopa dhahabu ya kuchorea, alimlipa aliyemkopesha kwa ikoni.

Mbao zenyewe hukatwa mara nyingi kwenye mti ambao Warusi wanauita lipa. Sisi Waafrika tulicheka sana tulipolisikia jina hilo, maana kwetu hilo ni neno la kudaiana. Ubao huo hubandikwa kitambaa kwa gundi, ukapakwa unga laini wa chaki uliochanganywa na gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha husuguliwa mpaka uteleze kama ganda la yai. Rangi ni udongo na mawe yaliyosagwa, na kishikizo chake ni kiini cha yai. Niliona mama mmoja, fundi wa kukarabati picha, akikiandaa. Alimwaga ute, akakihamisha kiini toka kiganja hiki kwenda kile mpaka kikauka nje, akakishika ngozi kwa vidole viwili, akakitoboa kwa chini. Umanjano ukadondoka kikombeni, ngozi ikabaki vidoleni mwake kama kipande cha kitunguu. Juu ya picha iliyokwisha hupakwa mafuta ya kitani, na hayo, yakipita miaka mingi, huwa meusi kuliko masizi. Mama yule alikuwa na ubao mweusi tii mezani. Alisugua kidogo kwa pamba, na katikati ya weusi likatokea dirisha dogo lenye jicho la mtu, jeupe, linatutazama.

Sasa kisa cha pesa. Mtu mmoja wa Kyiv alijenga kanisa, akataka ikoni kubwa saba. Aliwapa wamonaki wawili mbao na fedha wapatane na Alipiy. Wakaila, wakanyamaza. Mwenye kazi alipouliza, wakamwambia mchoraji anataka nyongeza. Akatoa. Wakarudi tena, na mara ya tatu, akatoa. Mwishowe wakasema hataki tena kuchora. Yule bwana akaenda kwa abate Nikon, mkuu wa monasteri, Alipiy akaitwa, akashangaa: hajui kitu. Kitabu kinasema mbao zilipoletwa zilikutwa zimekwisha kuchorwa na mkono usio wa mtu. Hilo mliamini au mliache. Wale wawili walifukuzwa monasterini, hilo linaaminika bila muujiza.

Wanangu, mimi ni mmoja wa wale wawili.

Mwaka 1987 kamati ya ujenzi ilinituma mimi, msomi niliyetoka Ulaya, kupatana na fundi wa mabango atuchoree Njia ya Msalaba. Kamati ilinipa bei moja, fundi nikampa nyingine. Tofauti nikaila. Nilipoona haitoshi, nilirudi kamatini nikasema fundi amepandisha. Hakupandisha. Alichora mbao zote kumi na nne kwa rangi ya mafuta, usiku, kwa taa ya kandili, mchana akiandika majina ya maduka. Watu walimwona mtu wa tamaa mpaka alipokufa, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Mwaka jana nilimwendea mjane wake na bahasha. Alinipa chai, akahesabu taratibu, akanirudishia noti mbili, akasema hizo zimezidi.

Kwa hiyo aliyepatana bei asimame Jumapili baada ya misa, asome karatasi mbele ya kamati na mbele yenu wote. Kama hakuna karatasi, iandikwe. Habari ya majina mtaelewana wenyewe. Hakuna anayeweza kukuonyesheni ikoni aliyoitia saini Alipiy. Ile ambayo mapokeo yanasema ni yake, iliyoko Moscow, wataalamu wanaiweka mwaka 1288 hivi, na yeye alifariki karibu 1114. Fundi wetu naye hakuandika jina. Hakuna aliyemwomba.

Mbao zake msiziguse kwa sabuni ya unga wala petroli. Jumamosi asubuhi nitakuja na pamba na njiti. Tutajaribu pembeni kwanza, kwa mate. Msicheke, yule mama alifanya hivyo hivyo. Tutaanza na kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso. Ndicho cheusi kuliko vyote, maana mishumaa inawashwa chini yake.

Babu yenu wa benchi la mbele