Risala ya Akina Mama wa Kikundi cha Kuweka na Kukopa, Makambako, kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya UKIMWI Duniani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu,
Waheshimiwa Madiwani,
Mganga Mkuu wa Halmashauri,
Viongozi wa dini na wenyeviti wa mitaa,
Akina mama wenzangu, na akina baba mliokuja kuketi nasi,

Kamwene!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni wauza viazi na parachichi, mama lishe wa stendi, na wachache wetu wana mashamba ya miti. Kilichotukutanisha ni sanduku la kufuli tatu. Kila wiki tunanunua hisa, tunakopa, tunarejesha, na kidogo kinakwenda mfuko wa jamii. Tulitafuta mtaji tu. Mazungumzo ya VVU yalikuja baadaye, yakaletwa na maisha yetu wenyewe.

Mheshimiwa, mkoa wetu unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na hapa Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti huohuo ulionyesha kitaifa asilimia 5.6 kwa wanawake na 3.0 kwa wanaume. Semina tumehudhuria nyingi. Kuacha, kuwa mwaminifu, kutumia kondomu: yote tunayajua, hata watoto wetu wanayajua. Lakini mama anayesubiri mume aache hela ya unga mezani atamwambiaje avae kondomu? Akithubutu, anaulizwa ameanza lini umalaya, na kesho yake hela haiachwi.

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na malori yanalala. Mama lishe anayedaiwa gunia la mchele huwa hakosi mtu wa kumwahidi kulilipa deni hilo usiku uleule. Mwenye hisa sandukuni anakopa kwa wenzake, kisha anamwambia mtu yule hapana. Tumeliona hili kwa wanakikundi wetu, zaidi ya mmoja. Ndiyo maana tunasema mbele yako kwamba mkopo wa mwanamke nao ni kinga, na upangiwe fedha kwa uzito uleule wa kinga nyingine.

Ardhi ni hivyohivyo. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume, na kabla matanga hayajaanuliwa ndugu wa marehemu wakamweleza kuwa shamba ni la ukoo. Akitaka kubaki, akubali kurithiwa na shemeji. Hakuna aliyeuliza marehemu alikufa kwa nini, wala shemeji amepima lini. Kikundi kilimsindikiza baraza la kata, na leo analima shamba lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, ila wajane wengi wanaisikia sheria hiyo wakiwa wameshafukuzwa.

Jambo jingine, na hapa akina baba watuvumilie. Mama mjamzito anapimwa kliniki. Mume anasubiri nyumbani, akisikia mke yuko salama anajihesabu naye amepima. Sivyo, kwani wapo wanandoa ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Na mama akikutwa navyo, anaambiwa yeye ndiye kavileta, wakati pengine yeye ndiye wa kwanza tu kupima. Wanakikundi wanaoishi na VVU tunao, wanameza dawa vizuri, virusi vimefubazwa na kipimo hakivioni, hivyo hawamwambukizi mwenza wao kwa kujamiiana. Wamezaa watoto wasio na maambukizi. Wawili kati yao ni viongozi wetu, na tumewachagua kwa kura.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi.

La kwanza na kubwa ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri; kati ya hizo kumi, nne ni za wanawake, na mikopo haina riba. Tunaomba vikundi vielezwe mapema maombi yamekwama wapi, kwa sababu msimu wa viazi hausubiri.

Pili, dawa kinga za VVU, zile anazotumia asiye na virusi ili asiambukizwe, na vipimo vya kujipima vipatikane pia jioni, karibu na stendi. Mama lishe anafunga banda usiku. Zahanati inayofungwa alasiri haimfikii. Vipimo tupewe pia tuwapelekee waume zetu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi.

Tatu, binti au mama aliyebakwa apate dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72 bila kuzungushwa kwa ajili ya fomu ya polisi. Matibabu yatangulie, karatasi zifuate.

Nne, hati za kimila za ardhi vijijini ziandikwe majina ya mume na mke wote wawili.

Kwa upande wetu, tutaendelea kupokea wasichana walioacha shule, wajifunze kushona na kuanza kununua hisa pamoja nasi. Cherehani tunazo chache, na meza ya nguo zao iko pale kushoto kwako. Baada ya risala tunakukaribisha uitembelee na kuzungumza nao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.