Malalamiko kuhusu somo lenu la mabasi ya reli ya Uingereza

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
kupitia Idara ya Masomo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UPOTOSHAJI KATIKA SOMO LA TRENI NDOGO ZA DIZELI ZA UINGEREZA

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa kulipia, na ni fundi mstaafu wa mitambo ya dizeli ambaye kwa sehemu ya maisha yangu ya kazi nilizihudumia treni aina ya Pacer, yaani hayo mabasi ya reli ya somo lenu, katika karakana moja ya kaskazini mwa Uingereza. Niliwalipia vijana wa gereji yetu hapa Tanga ada ya kozi yenu ya mitambo ya reli kwa sababu inafundishwa kwa Kiswahili, na kwa hilo nawapongeza. Hata hivyo, somo lenu la mabasi ya reli ya Waingereza limewapotosha vijana hao mara mbili: nusu yake ya kwanza inazikejeli treni hizo kwa makosa ambayo si yake, na nusu ya pili, kwa namna ya kushangaza, inazipendekeza zitumike katika njia zetu kwa sababu ya unafuu wa bei, bila kuitaja kasoro yake kubwa hata kwa neno moja. Nilipoandika kwa huduma kwa wateja nilijibiwa kwamba hayo ni mambo ya maoni. Yanayolalamikiwa hapa yanaweza kupimwa kwa futi na kuthibitishwa kwa tarehe, na ndiyo maana nimeona niandike kwako moja kwa moja.

Naanza na kauli ya mtangazaji wenu kwamba Pacer ni basi lililopachikwa juu ya behewa la mizigo. Huo ni utani wa abiria wa Uingereza, na kama utani una chumvi yake, lakini mwanafunzi wa ufundi hapati kitu ndani yake. Chanzo cha treni hizi ni utafiti wa British Rail, shirika la reli la taifa la Uingereza la wakati huo, mjini Derby kuhusu behewa la mizigo lenye ekseli mbili ambalo lingeweza kwenda kasi bila kuyumba na kuruka reli. Watafiti walipopata mfumo wa springi na vidhibiti mtikisiko uliokidhi haja hiyo, waliuunganisha na bodi ya basi la Leyland National, basi ambalo kiwanda cha Workington kilikuwa kikilitengeneza kwa wingi kwa vipande vilivyo sawasawa. Gari la majaribio, LEV1, lilitoka mwaka 1978. Kwa hiyo ni kweli kwamba kuna basi na kuna behewa la mizigo katika ukoo wa treni hizi, ila mtu anayesema waliokota viwili hivyo wakavibandika anafuta miaka ya kazi ya wahandisi ambao walijua vizuri walichokuwa wakikitafuta.

Somo halielezi pia ni kwa nini walikitafuta, na bila maelezo hayo kila kitu kinaonekana kuwa upumbavu mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 British Rail ilikuwa ikitegemea treni za dizeli zilizoundwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilizochoka, nyingi zikiwa na asbesto ndani yake, huku serikali ikibana fedha. Ripoti ya Serpell kuhusu fedha za reli, iliyoagizwa na serikali na kutolewa mapema mwaka 1983, ilifikia hata kuonyesha uwezekano wa kuubakiza mtandao wa reli wa takriban kilomita 2,600 tu katika nchi nzima. Katika hali hiyo, meneja wa njia ndogo ya vijijini hakuwa akichagua kati ya treni nzuri na treni mbaya. Alikuwa akichagua kati ya treni ya bei rahisi na kung'olewa kwa reli. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya Pacer, na naiona kuwa kubwa kuliko zote, kwamba zilifika wakati ambapo njia nyingi za Lancashire, Yorkshire na kusini mwa Wales zilihitaji kisingizio cha kuendelea kuishi, zikawa kisingizio hicho.

Sifa nyingine ni za kiufundi, na kwa kuwa wanafunzi wenu ni mafundi, zilistahili nafasi. Behewa moja la Pacer ya aina ya 142 (Pacer zilitolewa kwa aina zenye namba, kama 141, 142 na 144) lina uzito wa karibu tani 25, uzito mdogo sana kwa chombo cha reli kinachokimbia kilomita 120 kwa saa, na uzito mdogo maana yake ni dizeli kidogo na uchakavu mdogo wa reli zilizonyooka. Kila behewa lina injini yake chini ya sakafu, hivyo injini moja ikigoma, nyingine inaweza kuiburuza treni mpaka kituoni. Vipuri vingi vilitokana na magari ya barabarani, na fundi aliyezoea malori (Leyland, kwa wengi wetu wa umri huu, lilikuwa jina la lori kabla ya kuwa jina la kitu kingine chochote) hakuhitaji muda mrefu kuielewa mitambo yake. Hata madirisha yake makubwa ya basi yalikuwa neema. Abiria aliyekuwa akilalamikia kiti alikuwa akiiona nchi yote inayopita nje.

Sasa nageukia kasoro, ambazo mtangazaji wenu amezichagua vibaya. Anatumia dakika nyingi kuzungumzia viti vya benchi na kelele za injini, mambo ambayo kampuni za treni zilikuwa na uwezo wa kuyarekebisha na mara nyingine ziliyarekebisha. Viti vilibadilishwa katika treni nyingi. Giaboksi za mwanzo, ambazo kwa kweli zilitutesa, zilitolewa zikawekwa za Voith. Injini za Leyland zilipisha za Cummins. Milango ya kukunja ya mtindo wa basi, iliyokuwa ikikwama na kuchelewesha safari, nayo ilifanyiwa mabadiliko. Mwili wa aina ya kwanza, 141, uliobaki na upana wa basi la barabarani, ulipanuliwa katika aina ya 142 ili abiria watano waweze kukaa katika mstari mmoja. Mambo haya yote yanatoa picha ya mashine iliyozaliwa na upungufu na kurekebishwa hatua kwa hatua.

Kasoro isiyorekebishika ni moja, na haimo katika somo lenu: Pacer haina bogi. Treni ya kawaida ya abiria hubebwa juu ya bogi mbili, vigari vidogo vya magurudumu manne ambavyo hugeuka chini ya behewa na kuifuata reli inavyopinda. Pacer ina ekseli mbili tu kwa kila behewa, zimetengana kwa mita 9, nazo haziwezi kugeuka kuifuata kona. Katika njia iliyonyooka na iliyotunzwa vizuri mpangilio huo unakwenda salama, ingawa kwenye viungio vya reli za zamani behewa huinama na kuinuka mbele na nyuma, ndiyo maana Waingereza waliziita kwa mzaha punda anayetikisa kichwa. Katika kona kali, gurudumu haliingii sawasawa na reli. Ukingo wake wa chuma unajisukuma kwenye ubavu wa reli, unatoa mlio unaosikika mbali, na kila mlio huo ni chuma kinacholiwa, cha gurudumu na cha reli kwa pamoja. Mlio ambao mtangazaji wenu anaucheka ndio uliokuwa dalili ya ugonjwa wenyewe.

Ushahidi wa jambo hili upo, na sielewi uliwapitaje. Katikati ya miaka ya 1980 treni 13 za aina ya 142 zilipelekwa Devon na Cornwall, zikapakwa rangi ya chokoleti na krimu na kupewa jina la Skipper. Njia za matawi za huko, kama ile ya kwenda Looe na ile ya Gunnislake, zimejaa kona za kubana kwenye mabonde. Magurudumu yalilika, kelele zikawachosha wakazi, na treni hizo zikarudishwa kaskazini, huku treni kuukuu za aina ya awali zilizokusudiwa kustaafishwa zikiitwa tena kazini. Treni zilezile, mafundi wenye ujuzi uleule, ila reli tofauti. Hapakuhitajika jaribio jingine kueleza Pacer inafaa wapi na haifai wapi. Kwa mwalimu yeyote wa mitambo ya reli, kisa hicho kingekuwa somo zima.

Kuhusu mwisho wa treni hizi, mnasema ziliondolewa kwa sababu ya ajali. Si kweli. Ajali mnayoigusia ilitokea Winsford, Cheshire, tarehe 23 Juni 1999, wakati Pacer isiyokuwa na abiria ilipopita ishara ya kusimama na kugongwa na treni ya masafa marefu. Hakuna aliyefariki, ila bodi ya behewa ilisogea kutoka kwenye fremu yake, na maswali mazito yaliulizwa kuhusu uimara wa muundo huo. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Pamoja na hayo, Pacer ziliendelea kubeba abiria kwa zaidi ya miaka 20 baada ya siku hiyo, na kama kuna lawama ya usalama, basi iwaendee walioamua kuziacha kazini, maana zilikuwa zimeundwa kwa matarajio ya kutumika kwa muda usiozidi miaka 20, tangu kuundwa hadi kustaafu.

Kilichoziondoa ni sheria ya haki za abiria wenye ulemavu pamoja na shinikizo la kisiasa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 treni za abiria zilitakiwa kuwa na nafasi, na choo pale kilipokuwepo, vinavyofaa kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, na Pacer hazikukidhi. Mwaka 2015 mmiliki mmoja wa treni hizo, kampuni ya Porterbrook, alitengeneza treni ya mfano iitwayo 144e yenye choo kikubwa na nafasi hiyo, akithibitisha kwamba inawezekana, lakini mfano huo haukupata wafuasi. Mwaka huohuo Waziri wa Uchukuzi, Patrick McLoughlin, alitoa agizo la maandishi kwamba Pacer za kaskazini zibadilishwe, ingawa katibu mkuu wa wizara yake alikuwa amemweleza kwamba kwa hesabu za thamani ya fedha uamuzi huo haukujitetea. Hapo ndipo pana jambo la kumfunza kijana: kila mara hesabu ilipopigwa, treni ya bei rahisi ilishinda, na abiria aliyeachwa jukwaani na kiti chake cha magurudumu hakuwa na safu yake katika hesabu hiyo. Kampuni zilizochelewa kupata treni mpya ziliongezewa muda, na Pacer za mwisho ziliacha kazi ya kawaida nchini Wales mwaka 2021.

Baada ya hapo hazikutupwa zote, kinyume na picha zenu za mabehewa yakisagwa. Nyingine zinafanya kazi kwenye reli za makumbusho, ambako wepesi wake na matengenezo yake rahisi vinapendwa, na nyingine zilitolewa kwa jamii kupitia shindano la wizara ya uchukuzi ya Uingereza, ikiwemo shule ya msingi ya Fagley huko Bradford na hospitali ya Airedale. Kabla ya hapo, baadhi ya treni za aina ya 141 zilikuwa zimekwisha kuuzwa Iran.

Nadhani ni habari hiyo ya Iran iliyomfanya mwandishi wenu ahitimishe kwamba mabasi ya reli yaliyotumika Uingereza yangefaa kununuliwa kwa ajili ya njia zetu za zamani. Pendekezo hili ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwa sababu wapo vijana watakaolibeba hadi mezani pa wakubwa wao. Pacer ni ya reli za upana wa milimita 1,435. Njia ya zamani ya Tanzania na ile ya Kenya ni za milimita 1,000, na zimejaa kona za aina ileile iliyozifukuza Skipper kutoka Cornwall. Njia mpya ya Tanzania yenye upana wa milimita 1,435 inatumia umeme. Kenya ilipohitaji treni za dizeli zilizotumika kwa ajili ya abiria wa Nairobi, ilizinunua Hispania kutoka kisiwa cha Mallorca, ambako reli ni ya mita moja kama yake, na treni hizo zina bogi. Mfano huo ulikuwa jirani kabisa, nao ungewatosha.

Kwa hiyo naomba, kama mteja na kama mtu wa fani hii, mtekeleze yafuatayo. Somo liondolewe hewani mpaka lirekebishwe, na sehemu ya pendekezo ifutwe kabisa badala ya kulainishwa. Wanafunzi wote waliokwisha kulitazama wapelekewe maelezo ya masahihisho kwa njia ileile waliyopokelea somo, hasa kuhusu ekseli, kona na upana wa reli, kwa sababu maswali mawili ya mtihani wenu yanamtaka mwanafunzi achague jibu lisilo sahihi ili afaulu. Vijana wa gereji yetu waliokatwa alama kwa kujibu sahihi warudishiwe alama zao. Endapo haya hayatafanyika kabla ya muhula ujao wa kozi kuanza, nitaomba kurudishiwa ada niliyowalipia, na nitapeleka nakala ya barua hii kwa mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi. Niko tayari kupitia rasimu ya somo jipya bila malipo, iwapo mtaniletea kabla haijarekodiwa.

Wako mwaminifu,

Fundi mstaafu na mteja wenu,
Tanga.