Barua kwa Zuhura kuhusu kesi ya Psystar

Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe, watoto na Bi Mkubwa. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo inayotutesa barabarani. Barua yako nimeipata, na sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Unasema mteja anataka umpigie mfumo wa Mac, ule unaoendesha kompyuta za Apple, kwenye kompyuta ya kawaida, na kila ukisita anakujibu kwamba kitu akishakinunua ni chake. Hoja yake hiyo ilishafika mahakamani Marekani, ikashindwa, na namna ilivyoshindwa inakuhusu wewe fundi kuliko inavyomhusu yeye.

Aprili 2008, kampuni ndogo ya Florida iitwayo Psystar, mali ya ndugu wawili wa ukoo wa Pedraza, ilianza kuuza kompyuta iliyoungwa kwa vipuri vya kawaida, na mteja akitaka anawekewa ndani yake Mac OS X Leopard, toleo la mfumo wa Mac la wakati ule. Bei ya mashine bila Leopard ilianzia dola 399, wakati Mac ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 599. Kiufundi iliwezekana kwa sababu tangu 2006 Apple walikuwa wamehamia prosesa za Intel, zile zile zinazokaa kwenye mashine unazofungua kila siku. Lakini leseni ya Leopard ilisema wazi kwamba mfumo huo hauruhusiwi kuwekwa kwenye kompyuta isiyo na chapa ya Apple. Tarehe 3 Julai mwaka huo Apple wakafungua kesi kaskazini mwa California, mbele ya Jaji William Alsup.

Psystar walijibu mapigo kwa sheria za ushindani: Apple wanatumia mfumo wao kumlazimisha mtu anunue na mashine yao. Novemba 2008 jaji akaitupa hoja hiyo. Alisema Mac haiwezi kuhesabiwa kuwa soko peke yake, na kwamba matangazo ya Apple yenyewe yanaonyesha wanawania wateja na wengine.

Hapa mimi ninaumia, Zuhura. Mwaka 1984, katika kesi ya Digidyne dhidi ya Data General, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo California iko chini yake, iliamua kinyume. Data General, watengenezaji wa kompyuta, walikuwa na mfumo uitwao RDOS, na walikataa kumpa leseni yeyote asiyetumia prosesa zao za NOVA. Mahakama ikasema kufunga mfumo na mashine kwa namna ile ni kuvunja sheria. Majaji walitazama wateja ambao walishaandika programu zao juu ya RDOS na kutumia fedha nyingi. Watu wale hawakuwa na pa kwenda hata kama sokoni kulikuwa na mifumo mingine. Ndivyo maisha yalivyo. Mtu ambaye kazi zake zote za miaka ziko kwenye Mac hafarijiki kwa kuambiwa kwamba Windows ipo. Naamini majaji wa 1984 walimwona mtumiaji vizuri zaidi kuliko waliokuja baadaye. Na tusisahau kwamba Apple wenyewe, kati ya 1995 na 1997, waliwapa kampuni kama Power Computing leseni ya kutengeneza mashine za kuendesha Mac OS, hadi Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wao, aliporudi na kuufunga mlango huo. Kwa hiyo kufungamanisha mfumo na mashine ulikuwa uamuzi wa biashara.

Sasa tuje kwenye hakimiliki, maana hapo ndipo Psystar walipozama, na kwa kweli walijizamisha. Walinunua diski za Leopard kihalali, hilo hakuna aliyebisha. Lakini hawakukaa wakasakinisha kila mashine kutoka kwenye diski yake. Waliuweka mfumo kwenye Mac mini, kompyuta ndogo ya Apple, wakauhamishia kwenye kompyuta nyingine, wakabadilisha sehemu ya kuwashia na kuongeza vipande vyao, wakapata masta moja, yaani nakala mama, kisha wakawa wanaikopi ile masta kwenye diski ya ndani ya kila kompyuta iliyotoka dukani. Diski halisi waliitia kwenye boksi ikiwa haijafunguliwa. Wakidai kila mashine ina nakala yake iliyolipiwa, jibu lilikuwa jepesi: iliyolipiwa iko kwenye karatasi yake, na inayofanya kazi ndani ya mashine ni nyingine. Sheria ya Marekani inamlinda mtu anayeuza tena nakala halali aliyoinunua. Haikuweza kulinda nakala zilizozaliwa na masta. Walikuwa na utetezi mwingine, haki ya mwenye nakala kuikopi inapobidi ili aitumie, ila waliuleta wakati umeshapita, jaji akaukataa.

Kisha kulikuwa na kufuli. Apple walikuwa wamefumba baadhi ya faili muhimu za mfumo zisisomeke bila ufunguo, na ufunguo wake ukakaa ndani ya mashine zao. Ufunguo wenyewe ni maneno ya kumsihi mtu asiibe kazi yao ya jasho. Psystar walisema ufunguo ule ulishazagaa kwenye intaneti, kwa hiyo hakuna kufuli tena. Alsup hakukubali. Kuvunja kinga ya namna hiyo ni kosa chini ya sheria ya 1998 ya kulinda kazi za kidijiti, hata kama wengi wanajua pa kupata ufunguo.

Hukumu ilitoka tarehe 13 Novemba 2009. Psystar walikuwa wameshaomba kinga ya kufilisika tangu Mei, na Desemba wakakubali deni la karibu dola milioni 2.7 pamoja na zuio la kudumu. Rufaa ikagonga mwamba tarehe 28 Septemba 2011. Majaji walisema Apple hawamzuii yeyote kuandika mfumo wake mwenyewe, na kwamba aliyelipa dola 129 anamiliki diski, lakini kilichomo ndani ana leseni tu, kama mpangaji. Mimi nakubali Psystar walistahili kushindwa kwa kukopi. Hili la upangaji ndilo silikubali: mtu amelipa bei nzima mara moja, halafu masharti anayasoma akiwa ameshafika nyumbani.

Mlango haukufungwa wote, lakini. Agosti 2019, huko huko Florida, Apple waliishtaki kampuni ya Corellium, iliyokuwa ikiendesha mfumo wa iPhone kwenye seva ili watafiti wa usalama watafute mianya. Desemba 2020 Jaji Rodney Smith alisema hayo ni matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila kibali cha mwenye kazi, na Mei 2023 mahakama ya rufaa ikamwunga mkono kuhusu mfumo wenyewe. Desemba 2023 wakapatana. Corellium hawakuuza simu ya kushindana na iPhone. Walitengeneza chombo cha kuchunguzia. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Kuhusu mteja wako: hukumu za Marekani hazimfungi hakimu wa Tanga, lakini sisi nasi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na wewe unaendesha ofisi inayojulikana. Nakuomba sana usitengeneze masta kwenye flashi ukawa unaipiga kwenye mashine za wateja kwa malipo. Huo ndio mtindo uliowaangusha Psystar, na hata mimi nisingejua pa kuanzia kukutetea.

Tena utakuwa unamuuzia kitu kinachokufa. Apple walianza kuhamia chipu zao wenyewe mwaka 2020, na Juni 2025 walitangaza kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho la mfumo wa Mac litakalokubali prosesa za Intel. Kama anataka Mac kwa ajili ya programu fulani, mtafutie Mac ya mtumba yenye hali nzuri. Kama anachotaka ni kuachana na Windows, mpigie Ubuntu, mfumo wa bure ambao leseni yake inakuruhusu kuikopi kwenye mashine nyingi utakavyo.

Nijulishe alivyoamua, na uniambie pia kama ule mkataba wa kutengeneza kompyuta za shule umeshausaini. Kama bado, nitumie niusome kwanza.

Rafiki yako,
Maimuna